Begi la dharura huku Kusini: ubebe kiasi gani na utajuaje limetosha (mwongozo kamili)

Vijana wanaoanza kuingia porini huku Lindi na Mtwara swali lao ni moja, "kaka niweke nini kwenye begi la dharura", na kila mtu ana orodha yake, mwingine kaitoa Yutyubu kwa mzungu anayejiandaa na theluji, ina shoka, ina blanketi la kung'aa, ina ndoano, ina mishumaa. Orodha wala sio tatizo, tatizo ni kiasi. Kuna yule anayebeba kilo 15 kwenda kupalilia mikorosho, siku ya pili bega linamuuma analiacha begi nyumbani, siku ya tatu ndo panga linamkata. Na kuna yule anayeingia Liwale ndani ndani huko na simu yenye chaji asilimia 40 basi. Siku ya shida hao wawili wanalingana, hakuna mwenye kitu.

Kwahiyo sikupi orodha ya kukariri, nakupa namna ya kupiga hesabu ili orodha uitengeneze mwenyewe kulingana na unakoenda, maana begi la Newala juu uwandani sio begi la Msimbati kule pwani, na begi la Msimbati sio la abiria wa basi la Dar.

HATUA YA 1: HESABU MASAA, SIO VITU

Chukua sehemu unayoenda alafu jiulize, mguu ukivunjika hapa saa tisa mchana, mtu wa kunibeba atanifikia saa ngapi? Hapa wengi wanakosea kwa sababu hesabu ina vipande viwili na wao wanahesabu kimoja. Kuna muda mpaka mtu ajue kwamba una shida, na kuna muda wa kukufikia akishajua. Utasikia "aah, kijijini mpaka shambani boda ni dakika 40 tu". Sawa. Ila kama huko hamna mtandao na nyumbani wanakutegemea jioni, hakuna atakayestuka kabla ya saa mbili usiku, na wakistuka nani aingie porini usiku na tembo wanazunguka, watakaa kikao wasubiri alfajiri. Dakika 40 zako zimekuwa masaa 15 na zaidi.

Mifano ya huku huku. Shamba la korosho Tandahimba mwezi wa kumi, watu wamejaa wanaokota, ukipiga yowe moja wanakuja watano, weka masaa 2. Shamba hilohilo mwezi wa tatu nyasi zimefika kifuani unaweza kushinda kutwa usione mtu, weka masaa 12 mpaka 15. Kurina asali au kufuata mbao upande wa Liwale kuelekea Selous, weka siku moja mpaka mbili. Baharini ukitoka jioni, weka mpaka kesho yake mchana. Na basi la Mtwara kwenda Dar, usicheke, Mei 2024 ile mvua ya kimbunga Hidaya ilipokata barabara maeneo ya Somanga kule Kilwa, magari yalikwama pande zote siku kadhaa, watu na watoto wao barabarani, na sio kwamba walikuwa porini, walikuwa kwenye lami.

Andika namba yako. Itaangukia moja ya tatu hizi: masaa 6, masaa 24, masaa 48. Kila kitu kinachofuata kinapimwa kwa hiyo namba. Ukijikuta unaandika siku 5 basi hilo sio begi la dharura tena, hiyo ni safari, inataka maandalizi yake mengine.

Kabla hujanunua hata kibiriti, punguza masaa. Kuna kitu hakina uzito kabisa na kinashinda nusu ya vifaa, nacho ni kumwachia mtu ratiba yenye saa ndani yake. Sio "shangazi natoka". Ni "shangazi napita njia ya bondeni, nafika kwa Mzee fulani saa nne, narudi kabla ya magharibi, ikiadhiniwa isha hujaniona mpigie mwenyekiti wa kitongoji". Hapo yale masaa 15 yanaweza kushuka yakawa matano, bila kubeba gramu moja.

HATUA YA 2: NINI KITAKUTANGULIA PALE

Kuna ile kanuni ya tatu tatu wanayoitumia watu wa uokoaji: dakika 3 bila hewa, masaa 3 bila kujikinga hali ikiwa mbaya sana, siku 3 bila maji, wiki 3 bila chakula. Ni makadirio tu, tena kwa jua letu na mtu anayetembea hizo siku 3 za maji ni nyingi mno, usizitegemee. Faida yake ni mpangilio, inakuonyesha kwamba chakula kiko mwisho kabisa wakati kwenye mabegi ya watu ndo kinaongoza.

Sasa weka eneo lako hapo. Juu ya uwanda wa Makonde, Newala na Tandahimba, mito hamna, mchanga unameza mvua yote, na wazee watakusimulia akina mama walivyokuwa wanashuka mabondeni kuchota maji na kupanda nayo kichwani. Huko ukibeba vidonge vya kutibu maji ukaacha maji yenyewe umebeba bure, utatibu nini? Shuka bonde la Ruvuma mambo yanageuka, maji yapo ya kumwaga ila ni machafu na yana mamba na viboko, kwahiyo vidonge ndo vinakuwa na maana, na pamoja navyo beba kopo na kamba ya mita 4 au 5 ili uchote ukiwa mbali na ukingo. Hiyo kamba kwenye orodha za wazungu huioni, lakini mtu wa Ruvuma anaelewa mara moja.

Liwale na Nachingwea huko shida ni umbali, tembo na mbung'o. Mbung'o wanapenda nguo za bluu iliyokolea na nyeusi, kwahiyo acha suruali yako nzuri ya jinzi nyumbani vaa kaki. Mikono mirefu pia, upupu ukikushika shingoni utasahau kila kitu ulichojifunza hapa. Pwani, upepo na maji yasiyonyweka.

Alafu baridi. Najua mtu wa Lindi ukimwambia baridi anakuona unazingua, ila mwezi wa sita na wa saba usiku kule Newala na juu Rondo upepo ni wa kweli, na mtu aliyelowa chepe chepe ndani ya ngalawa upepo wa kusi unampiga usiku kucha anaweza kupoteza nguvu za mikono mpaka ashindwe kushika kamba. Sio lazima kuwe na theluji, kulowa na upepo vinatosha.

HATUA YA 3: WEKA KIKOMO CHA UZITO KABLA YA KUANZA KUPAKIA

Watu wanapakia kwanza alafu ndo wanapima. Geuza. Begi la kutembea nalo siku nzima bila kulichukia lisizidi sehemu moja ya kumi ya uzito wako, na hapo maji yamo ndani. Una kilo 60, kikomo chako kilo 6. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwahiyo ukiweka lita 3 umebaki na kilo 3 za vitu vingine vyote pamoja na begi lenyewe. Umeona? Nusu imeshakwenda na bado hujaweka hata plasta.

Nenda dukani kwa muuza nafaka muombe mzani wake, weka kitu kimoja kimoja. Utashangaa. Panga peke yake, sufuria ile nzito ya nyumbani, blanketi, paua benki kubwa yenye tochi na redio, hivyo ndo vinakula kilo. Vinavyookoa roho vyenyewe havishtui hata mshale wa mzani: firimbi, kibiriti, vidonge, ORS (ile chumvichumvi ya kurudisha maji mwilini), nailoni.

Mzee mmoja mrina asali ninayemheshimu sana, nikimwamkia shikamoo anaangalia begi kwanza ndo aitikie. Likiwa limevimba anasema, "Njomba, unahama?" Yeye anabeba kiroba kimoja kwapani na dumu, ila ukimwambia akitoe vitu vyake pale chini hakuna hata kimoja cha mapambo.

HATUA YA 4: ANZA NA MWILI, BEGI BAADAYE

Hapa ndo naomba uelewe kuliko sehemu nyingine yoyote. Begi linaachana na wewe. Unaliweka chini ya mkorosho ukaenda hatua mia mbili kufuata nyuki, unalitupa tembo akikujia, linabaki kwenye boda iliyoanguka mtoni, linazama na mtumbwi. Shida ikikukuta una vile vilivyoko mwilini tu. Kwahiyo vitu vya kwanza kabisa vinakaa kwenye mifuko yenye zipu, au kibegi cha kiunoni, au shingoni.

Vya kwangu ni hivi: firimbi ya plastiki shingoni (ya chuma yenye kigololo ndani inakwama), kibiriti cha gesi, kisu kidogo cha kukunja, simu ndani ya nailoni mbili zilizofungwa vizuri, tochi ndogo, vidonge vichache vya kutibu maji, karatasi yenye namba tatu za simu na kundi langu la damu, na hela kidogo noti ndogo ndogo, maana boda wa usiku kijijini hana chenji wala hatasubiri utume kwa simu mtandao ukiwa umekata. Vyote havifiki nusu kilo. Hivyo havitoki mwilini hata naenda kuoga mtoni, natania, lakini sio sana.

Namba yako ikiwa masaa 6 hivyo pamoja na maji na khanga vinaweza kutosha kabisa, usijilazimishe kubeba zaidi.

HATUA YA 5: MAJI

Kiasi kwanza. Mtu anayetembea au kufanya kazi kwenye jua la huku anaweza kutoka jasho nusu lita mpaka lita nzima kwa saa moja. Sio kwamba utabeba yote hayo, haiwezekani, ila uelewe kwanini lita moja na nusu ya dukani inaisha kabla ya adhuhuri. Masaa 6 beba lita 2. Masaa 24 beba lita 3 mpaka 4 na uwe umeshajua pa kuongeza. Masaa 48 huwezi kubeba yote, kwahiyo hapo unachobeba ni lita 3 pamoja na uwezo wa kutengeneza mengine. Kama unakoenda hamna pa kuongeza, yaani juu ya uwanda kiangazi, basi wewe huendi masaa 48 kwa miguu, unaenda na boda iliyofungwa dumu la lita 20. Ni hesabu tu, wala sio kwamba huna ushujaa.

Vyombo: chupa mbili za lita moja na nusu za plastiki ya kuonekana ndani ni bora kuliko dumu moja, moja ikipasuka una nyingine, na zina kazi ya pili ntakayoieleza sasa hivi.

Kutibu kuna njia tatu. Kuchemsha mpaka yatokote kwelikweli dakika moja, inafanya kazi daima ila inataka moto na chombo. Vidonge vya klorini, soma paketi kimoja ni kwa lita ngapi maana zinatofautiana, chuja maji kwanza kwa khanga iliyokunjwa mara nne, weka kidonge, subiri nusu saa, na maji ya tope yanadanganya, klorini inaishia kwenye uchafu, kwahiyo yaache yatuame kwanza. Na ya tatu ni jua, ndo kazi ya pili ya zile chupa: jaza maji yasiyo na tope, lalisha juani masaa 6, kukiwa na mawingu mengi siku mbili. Hii haina gharama na haina uzito wa ziada. Ila hakuna hata moja kati ya hizi inayotoa chumvi. Maji ya bahari usinywe hata kidogo, hata ukichanganya, yanakukausha zaidi.

Kosa la kawaida ni kubana maji. Mtu ana lita moja anapiga matone matone huku anatembea saa saba juani, anakutwa kazimia na chupa ina nusu. Ukiwa na kiu kunywa, unachobana ni jasho: kaa kivulini kuanzia saa tano mpaka saa tisa, tembea asubuhi na jioni, acha kuongea ongea.

ORS pakiti tatu, ziko duka la dawa lolote na bei yake ni kama bure. Zikiisha, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha sio vya kulundika. Usizidishe chumvi ukidhani unaongeza nguvu. Na pwani kuna madafu, namshukuru Mungu kwa hilo, ila dafu bila panga na bila mtu wa kupanda ni mapambo tu yanayoning'inia.

HATUA YA 6: DAMU NA NYOKA

Majeraha mengi ya mashambani na porini huku ni panga, shoka na kuanguka na boda. Kwahiyo usijaze plasta ndogo ndogo 30 za kidoleni, weka bandeji mbili pana, pamba au gozi paketi moja, glavu pea moja, kipande kidogo cha sabuni, panadol chache. Na khanga. Khanga moja (au kikoi) ni bandeji, ni kombeo la mkono, ni chujio, ni kivuli, ni shuka, ukiniambia nibebe kitu kimoja tu mbali na maji ntabeba khanga. Damu ikitoka kandamiza moja kwa moja juu ya jeraha kwa nguvu dakika 10 bila kufunua funua kuangalia, alafu funga hapohapo juu ya kitambaa kilekile. Ikipenya, ongeza kingine juu yake.

Nyoka. Huku tuna kifutu, swila na koboko, na watu wanaamini kwamba kuna kifaa cha kubeba kitakachowasaidia. Hakuna. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kubana mguu, usipoteze masaa na jiwe la nyoka. Unachofanya ni kuvua pete, bangili na kiatu kabla ya kuvimba, kufunga mguu na mti ulionyooka ili usicheze (khanga tena), kumtuliza mtu, kumbeba badala ya kumtembeza, na kuwahi hospitali. Zahanati nyingi ndogo hazina dawa ya sumu ya nyoka, kwahiyo mtu mmoja apige simu mbele aulize iko wapi, wakati wengine wanabeba. Usimfukuze nyoka ukamuue uende naye, utaumwa wa pili. Swila akikutemea machoni osha kwa maji mengi dakika 15 mpaka 20 bila kusugua, ukifika hapo ndo unajua kwanini nilisema lita 3.

Kwahiyo begi lako la nyoka kwa kweli ni gambuti, tochi ya usiku na hela ya boda. Kifutu hakimbii mtu, analala njiani kimya anasubiri umkanyage.

HATUA YA 7: KULALA, MOTO, MWANGA, SIMU

Hapa sitakawia. Namba yako ikiwa masaa 24 au zaidi weka nailoni ya mita, ile nyeusi ya hadweya, mita 3 inatosha, pamoja na kamba ya manila mita 10. Chini kalalie majani makavu uliyoyapiga piga kwanza na fimbo. Hema sahau. Chandarua kinaingia kwenye masaa 48 tu, mbu atakuumiza baadaye sio usiku huo, ila kama unaenda kukaa malaria ni malaria, usijidai.

Moto weka vyanzo viwili, cha gesi mwilini na njiti ndani ya nailoni begini. Kata vipande vya tyubu ya baiskeli iliyokwisha, vinawaka hata mvua inanyesha na moshi wake mweusi unaonekana mbali. Kiangazi safisha duara la mita 2 kabla ya kuwasha, moto ukikimbia ukala mikorosho ya watu hutaokolewa, utatafutwa.

Simu: ukifika sehemu isiyo na mtandao weka hali ya ndege, simu inayohangaika kutafuta mnara inakula chaji haraka sana. Karibu na Ruvuma inaweza kushika mtandao wa Msumbiji ikakukata hela, chagua mtandao wako mwenyewe kwenye setingi. Meseji inapita mahali ambapo kupiga kumegoma, kwahiyo andika meseji kamili uko wapi na umeumia nini, alafu panda kilimani. 112 ni polisi na 114 ni zimamoto na uokoaji. Kisimu cha kitochi chenye laini ya mtandao mwingine kinashinda paua benki kubwa, betri yake inakaa siku kadhaa na ni chepesi.

Firimbi piga tatu, pumzika dakika, tatu tena. Sauti ya kuita inaisha baada ya nusu saa, firimbi haiishi. Ila sio ya kumfukuzia tembo. Ukimwona tembo nyamaza, angalia upepo, ondoka.

Na panga: ukiwa karibu na mpaka wa hifadhi hakikisha unajua mpaka uko wapi, kukutwa ndani na panga bila kibali ni kesi, na hakimu hataelewa habari za begi la dharura.

HATUA YA 8: CHAKULA, KIDOGO

Masaa 6 usibebe, au beba cha kukufurahisha. Masaa 24, korosho robo kilo. Gramu 100 za korosho zina karibu kalori 550, hazihitaji kupikwa, haziozi haraka, na ni za kwetu. Masaa 48 ongeza tende au karanga na sukari kidogo. Vitu vyenye chumvi nyingi kama samaki mkavu acha, vitakunywea maji yako. Muhogo mbichi wa kung'oa shamba usilolijua usiule, aina chungu ina sumu mpaka ukaushwe au upikwe inavyotakiwa. Ming'oko, vile viazi vya porini, ni chakula kizuri na unaweza kuishi nao, lakini kuchimba unajifunza ukiwa umeshiba na una mtu mzima wa kukuonyesha shina.

BAHARINI KUNA HESABU NYINGINE

Kwenye ngalawa au mashua sahau begi la mgongoni, ni jiwe. Sheria ya mwilini inachukua karibu kila kitu. Jaketi la kuokolea linavaliwa, halikaliwi. Kama kweli huna, dumu tupu la lita 20 lililofungwa kifuniko vizuri na kamba inayozunguka mwili linainua karibu kilo 20, na mtu aliye majini anahitaji kilo chache tu za kumwinua ili kichwa kibaki juu, kwahiyo dumu moja linaweza kubeba zaidi ya mtu mmoja anayeshikilia. Lifunge kwenye chombo kwa fundo la kufunguka haraka.

Ndani ya chombo: upo wa kufulia maji umefungwa kwa kamba, maji ya kunywa angalau lita 5 kwa kila mtu usijaze dumu mpaka juu kabisa ili lielee likidondoka, kioo kidogo cha kujitazamia, kioo hicho ukikielekeza na jua mng'ao wake unaonekana kilomita nyingi. Tochi ndani ya nailoni. Chombo kikipinduka kaa nacho, usiogelee kufuata taa za nchi kavu, taa ziko mbali kuliko macho yanavyosema na chombo kinaonekana kirahisi kuliko kichwa cha mtu. Na kabla ya yote sikiliza taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa, wakitangaza upepo mkali na mawimbi makubwa msimu wa kusi hakuna begi la kulipa hiyo tofauti, lala nyumbani.

MKIWA KIKUNDI

Watu wanne hawahitaji sufuria nne, nailoni nne na mapanga manne. Gaweni: mmoja sufuria, mmoja nailoni kubwa, mmoja kamba na panga, mmoja dawa. Lakini maji, firimbi, kibiriti na tochi kila mtu na vyake, hata kama ni mume na mke. Vikundi vinapotezana, na anayepotea kawaida ni yule aliyesema "vyangu viko kwenye begi la kaka". Mkiwa na mtoto au mzee, kikomo cha uzito kinapigwa kwa anayebeba, maji yanahesabiwa kwa wote, alafu namba ya masaa ongeza nusu yake kwa sababu mtatembea polepole.

JARIBU KABLA HUJALIAMINI

Vaa begi lilivyo, tembea masaa mawili saa za jua, nenda mpaka kijiji cha pili urudi. Kisha lala nje uani usiku mmoja ukitumia vilivyomo tu, familia itakucheka, waache. Asubuhi mwaga kila kitu kwenye mkeka utenge mafungu matatu. Ulivyotumia, vinabaki. Usivyotumia lakini siku ya shida hakuna mbadala wake, kama bandeji, ORS, firimbi, vinabaki pia hata ukae miaka usiviguse. Usivyotumia na vina mbadala au vinahusu sehemu usiyoenda, vinatoka. Fungu la tatu ndo kubwa daima. Kama bado umezidi kikomo usipunguze maji, ondoa vya kufanana, kisu cha pili, tochi ya tatu, chakula.

Usichojua kukitumia nacho kinatoka mpaka ujifunze. Nimeona begi lina sindano na uzi wa kushonea nyama na mwenye begi hajawahi kumfunga mtu hata bandeji.

Begi la abiria wa basi ndo rahisi kuliko yote na ndo watu hawana: lita 3 za maji kwa mtu, korosho, khanga, tochi, chaji ya simu, dawa zako za kila siku za siku 3 zaidi ya safari, karatasi ya chooni, hela taslimu. Likae miguuni pako, sio kwenye buti la basi, konda hatalifungua usiku katikati ya foleni Somanga.

Mara mbili kwa mwaka lifungue, mwezi wa kumi na moja kabla mvua hazijaanza na mwezi wa tano zikiisha. Angalia tarehe za vidonge na ORS, washa kila kibiriti, toa betri kwenye tochi uzifunge pembeni kwa sababu chumvi ya hewa ya pwani inazila zikiwa ndani, paka kisu mafuta kidogo. Maji yabadilishe kila unapotoka. Korosho pia hesabu upya, watoto wanajua begi linakaa wapi.